Nkambo Alibaki na Mutinta

Juzi, karibu na stesheni ya Kamina, kwetu Kongo, nilimkuta mwanamume ameketi kwenye kigoda akiziba ufa wa beseni la plastiki kwa kipande cha chuma alichokichoma kwenye makaa. Moshi mwembamba ulipanda, na harufu ya plastiki inayoyeyuka ikanishika kooni. Nikasimama. Mwenye beseni, mama mmoja mwenye haraka zake, alinitazama kama anayeogopa nitampita zamu. Watu hukunja pua wakiisikia harufu hiyo. Mimi hunirudisha kwenye benchi nyembamba lenye godoro la sponji, ndani ya gari lililokuwa nyumba yetu tulipokuwa tukizunguka nchi za watu, na juu ya kichwa changu miguu ya bandia ikining'inia kwa kamba kama mahindi ya mbegu.

Baba alikuwa fundi wa miguu. Hakuanza hivyo. Alikuwa mwalimu wa useremala katika shule ya Wametodisti, mtu wa rula na penseli nyuma ya sikio, hadi mdogo wake alipoteleza akidandia treni ya mizigo na kupoteza mguu chini ya goti. Baba alimchongea mguu wa mti. Ulikuwa mzuri kuutazama, lakini ulimchubua baba mdogo hadi damu, naye akaurudisha akisema kwa upole kwamba afadhali fimbo. Neno hilo halikumtoka baba. Akaenda kujifunza katika hospitali moja ya misheni, Zambia, jinsi ya kufunga plasta kwenye kigutu cha mguu uliokatwa, kupata umbo lake, kisha kulifunika umbo hilo kwa plastiki iliyolainishwa ndani ya oveni. Aliporudi, baba mdogo alitembea, na sifa zikavuka mpaka kurudi zilikotoka.

Kule kaskazini-magharibi mwa Zambia, na ng'ambo yake Angola, kulikuwa na watu wengi waliokatwa miguu na mabomu yaliyofukiwa ardhini. Vita vilikuwa vimekwisha, ila mabomu hayakuambiwa. Makanisa ya huko yakaomba baba awazungukie. Likapatikana gari kuukuu la kubebea wagonjwa, baba akaligeuza: kitanda cha wagonjwa kikawa cha kwake na mama, benchi la muuguzi likawa langu, kabati la bendeji likawekwa sahani na chumvi. Shule ya Kamina nayo ilikuwa ikitafuta mwalimu wa Kiingereza, na kanisa la upande ule lilikuwa naye, ana mke na binti mmoja aitwaye Mutinta. Wakubwa wakapatana: wao wakae kwetu Kamina, sisi tukae kwao tusipokuwa barabarani, hadi kazi itakapokwisha.

"Tutabadilishana nyumba," baba alituambia mezani, naye alikuwa na furaha.

Kubadilishana nilikujua. Nilikuwa nimebadilishana na mtoto wa jirani mdoli wangu wa gunzi kwa sindano ya kufumia. Nilimpa mdoli na kila alichovaa, naye akanipa sindano pamoja na uzi wake. Huwezi kumpa mwenzako kitu ukabaki na kipande. Kwa hiyo niliposikia kwamba Nkambo hatakuja nasi, sikuuliza zaidi. Nkambo, mama yake mama yangu, ndiye niliyelala naye kitanda kimoja tangu nilipoachishwa ziwa. Alikuwa Mkatoliki peke yake katika nyumba ya Wametodisti, na kila alfajiri nilikuwa naamshwa na shanga za rozari yake zikigongana. Alizungumza nami Kiluba tu. Alikataa safari kwa sababu, alisema, magoti yake yameshazoea udongo mmoja, na mtu aliyemzika mume wake mahali hawezi kwenda kulala ndani ya gari kama mfungwa anayehamishwa. Mke wa mwalimu alituma neno kwamba atamtunza kama mama yake mzazi. Basi, niliona mambo yamekaa sawa. Nkambo alikuwa wa nyumba, na nyumba tulikuwa tumeitoa. Huko tuendako kungekuwa na wa kwao.

Sikulia tulipoondoka. Mama alilia, na Nkambo alishika mlango wa gari hadi baba alipomwomba auachie. Mimi nilimpungia mkono kupitia kioo cha nyuma, na bado nakumbuka jinsi alivyokuwa akinitazama, kama anayengoja nilie nami silii.

Barabara ya Luena ilitutupa huku na huku. Tulipita Kolwezi, tukavuka mpaka, tukaingia katika misitu mirefu ambayo asali yake inauzwa kando ya njia ndani ya chupa za kila namna. Nyumba ya kina Mutinta ilikuwa nje kidogo ya mji wa Mwinilunga, ya matofali mekundu, imefagiliwa hadi kwenye pembe. Wenyewe walikuwa wameshaondoka kwa basi, hatukukutana. Baba alipofungua tu, niliingia mbio. Nikatazama chumba cha kwanza, nikatazama cha pili, jikoni, bafuni, nikazunguka nyuma kwenye banda la kuku. Mama alinikuta nimepiga magoti nachungulia chini ya kitanda.

"Unatafuta nini?" akauliza.

"Nkambo yabo."

"Nkambo ya nani?"

"Ya hapa. Shiye tulibapa yetu. Ya kwabo iko wapi?"

Mama alianza kucheka. Kisha akaacha, akageuka, akatoka nje, na nikamsikia akimwita baba kwa sauti ambayo haikuwa ya kucheka. Hawakunieleza siku ile. Walidhani nitaelewa mwenyewe nikikaa, na kwa namna yao walikuwa sahihi. Nilichoelewa ni kwamba tumepunjwa.

Nilipewa chumba cha Mutinta. Kwenye mwimo wa mlango wake kulikuwa na mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine, ya mtoto anayepimwa kimo mwaka hadi mwaka. Nilisimama pale, nikagundua kwamba ananizidi. Kitanda chake kilikuwa na shimo katikati, umbo la mtu mmoja tu, nami nilikuwa sijawahi kulala mahali penye umbo la mtu mmoja. Asubuhi za kwanza watoto wa jirani walikuja mlangoni wakiita, "Mutinta! Mutinta!" Nilitoka. Walinitazama, wakasemezana kwa Kilunda, nami sikuambulia hata neno, wakaondoka. Walirudi mara chache tena, labda wakitumaini kwamba safari hii atatoka yule wa kweli.

Tukakaa hivyo, majuma kadhaa nyumbani kwa watu, majuma mengi zaidi garini. Barabarani mama alinifundisha kusoma na hesabu kwenye meza ya kukunja, chini ya mti wowote uliokuwapo. Tulilala katika nyua za hospitali, nyuma ya makanisa, mara moja katika kiwanja cha mpira ambako mbuzi walikuja kujikuna kwenye magurudumu yetu. Kila mahali palikuwa na lugha yake na bukari wake, yaani ugali. Huku wanauita nshima na kuupika mweupe kwa mahindi matupu, kule ni wa muhogo kama wetu lakini bila mawese pembeni. Mama alikuwa akisema tuna bahati ya kuona dunia. Ninachokumbuka mimi kuhusu dunia ni kwamba tulikuwa tukiiona kupitia kioo cha nyuma, ikibaki.

Baba aliwasha oveni yake ya gesi nje ya mlango wa gari, na harufu ilipoanza kupanda watu walikusanyika. Walikuja kwa magongo, kwa baiskeli za kusukumwa, mmoja alikuja mgongoni mwa mwanawe mkubwa. Kufikia hapo nilikuwa nimeipa majina miguu yote iliyoning'inia juu ya benchi langu. Usinicheke. Haikuwa na macho wala mdomo, lakini ilikuwa ikitikisika gari likitembea, kama watu wanaokubaliana nawe.

Karibu na mpaka wa Angola, katika mji ambao jina lake sikulishika, alikuja msichana wa umri wangu na shangazi yake. Alikuwa akiruka kwa mguu mmoja kwa wepesi ambao mimi sikuwa nao kwa miwili. Kigutu kinahitaji muda, plasta ikauke, mguu upimwe, urekebishwe, upimwe tena, kwa hiyo alikaa pale karibu nasi kwa siku nyingi. Jina lake lilikuwa Teresa. Yeye alisema Kireno na lugha ya kwao, mimi Kiswahili, Kiluba na Kifaransa kidogo, hatukuwa na hata neno moja la pamoja isipokuwa majina yetu. Lakini tulicheza. Tulipika udongo. Alinisuka nywele nikiwa nimeketi kati ya goti lake na kigutu chake, na mama alisema sijawahi kutulia hivyo tangu Kamina.

Siku mguu ulipokuwa tayari, baba alimsimamisha kati ya fito mbili. Alitembea, akaanguka, akatembea. Jioni aliziacha fito. Asubuhi iliyofuata shangazi yake alimfunga kitambaa kipya kichwani, wakaaga, wakashika njia ya kwao. Nilibaki nimesimama nikimtazama Teresa anavyochechemea vizuri, akijitazama miguu, asigeuke hata mara moja. Kwa nini angegeuka? Alikuwa anatembea.

Baba alinikuta pale. Nikamwambia angetengeneza miguu mibaya kidogo, isiyofika mbali. Hakunikemea. Alichuchumaa, mikono yake imejaa vumbi la plasta.

"Mutoto wangu," akasema, "kazi yetu njo ile. Bantu batuache, baende."

Alikusudia kunipa fahari, nadhani. Nilikwenda nikalala kwenye benchi langu, nikaitazama miguu iliyobaki, nikaona kwamba yote ilikuwa inangoja zamu yake.

Simu ilikuwa ndiyo kamba iliyobaki kati yetu na nyumbani. Palipokuwa na mtandao mama alimpigia mke wa mwalimu, naye akampelekea Nkambo. Nkambo hakuiamini simu. Alipiga kelele, "Ngoie!", kana kwamba yuko shambani na mimi niko ng'ambo ya mto. Aliniuliza nimekula nini, ninaoga, ninasali. Nami nilimjibu, na kila mara majibu yangu yalikuwa mafupi zaidi, kwa sababu Kiluba changu kilikuwa kinakauka. Neno lilikuja hadi kwenye meno kisha likageuka. Na nyuma ya sauti ya Nkambo kulikuwa na sauti nyingine, ya msichana, ikicheka, ikimwambia kitu kwa Kiluba chepesi kabisa, na Nkambo anamjibu huku ameisahau simu mkononi. Wakati mmoja aliniambia Mutinta ameshajua kutwanga sombe, majani ya muhogo, hadi yakalainika. Mara nyingine, kwamba Mutinta humsindikiza parokiani na kumshika mkono kwenye ngazi. Nilisema vizuri. Mama alipochukua simu nilitoka nikaenda nyuma ya gari.

Nilikuwa nimeyajua haya tangu mwanzo, nilijiambia. Kitu kikibadilishwa, kimebadilishwa. Mtoto wa jirani hakunirudishia mdoli wangu wa gunzi, wala mimi sikumdai.

Habari za ugonjwa wa Nkambo zilitufikia katikati ya mvua. Kifua, alisema mke wa mwalimu, na homa isiyoshuka, na mganga wa zahanati anakuja kila siku. Mama alianza kukunja nguo kabla hajakata simu. Tulikuwa ng'ambo ya Zambezi, na mto ulikuwa umejaa. Kivuko kilikuwa kimefungwa kwa minyororo, na wenyewe walimwonyesha baba magogo yanayopita katikati ya maji kama ng'ombe wanaokimbia. Tukangoja. Mama aliketi kwenye jiwe ukingoni tangu asubuhi hadi giza, khanga kichwani, akiutazama mto kana kwamba mto ungeona haya ukapungua. Mvua ilikuwa ikipiga juu ya bati la gari na radi zikapasuka karibu, nami nilijifunika godoro, sikumwambia mtu, maana kila mtu mle ndani alikuwa na hofu yake.

Kivuko kilipofunguliwa baba aliendesha kama nisivyowahi kumwona akiendesha. Baada ya mpaka simu ya mke wa mwalimu haikupatikana tena. Baba alisema ni mvua, minara imeanguka. Barabara kutoka Luena ilikuwa tope, tukasukumwa na vijana wa vijiji, tukakwama, tukasukumwa tena.

Tulipokunja kona ya mtaa wetu niliona watu wamejaa uwanjani kwetu. Mabenchi ya kanisa yalikuwa yamepangwa chini ya turubai, wanawake wa parokia wamevaa vitenge vya sare, sufuria kubwa ziko motoni. Moyo wangu uliruka. Niliwaza kwamba wamejua tunakuja, wamekusanyika kutupokea. Nilianza kupunga mkono. Nilikuwa bado napunga mama alipofungua mlango gari halijasimama, na sauti iliyomtoka ndiyo iliyonieleza kwamba huo ulikuwa msiba, na kwamba Nkambo ameshazikwa.

Ndani, sebuleni, meza ilikuwa imetolewa na mkeka umetandikwa. Wanawake wa ukoo waliotoka Kabongo walikuwa wameketi wakiegemea ukuta. Kati yao, mahali pa mjukuu, alikuwa msichana mrefu aliyefungwa kitambaa cheusi, macho yamevimba. Shangazi mmoja alikuwa amemshika begani. Nilimjua kwa kimo chake. Nilisimama mlangoni nisijue pa kukaa, kwa kuwa nafasi yangu ilikuwa na mtu, na alikuwa akilia vizuri.

Mutinta aliinua macho. Hakuuliza mimi ni nani. Alisogea, akaufuta mkeka kwa kiganja, akanivuta mkono hadi nikaketi. Tulikaa bega kwa bega siku zote za kilio. Kisha, mchana mmoja watu walipopungua, tukiwa nyuma ya nyumba tunaosha sahani, alianza kuongea mwenyewe. Kiswahili chake kilikuwa cha Kamina kabisa.

"Alikuwa anakungoya," akasema. "Kila asubui anauliza gari imefika? Mvua ikipiga anasema, Ngoie anaogopa radi, nani anamushika kule?"

Nikaacha sahani ndani ya maji.

"Na weye," nikamuuliza, maana nilikuwa nimelibeba swali hilo tangu siku ya kwanza, "nkambo yako iko wapi? Kule nyumbani nilitafuta."

"Minyi sikukuwa na nkambo. Balikufa mbele nizaliwe." Alisugua sahani moja kwa muda mrefu. "Nilipata huyu tu."

Kumbe hawakuwa wametupunja. Walikuwa hawana cha kutoa upande ule. Alikuwapo Nkambo mmoja tu kati yetu, na siku zake za mwisho zilikuwa kwa mwenzangu. Chochote ninachojua kuhusu siku hizo nilikipata kwake, kwenye beseni la vyombo: kwamba Nkambo aliacha kula sombe akataka uji, kwamba alimfundisha nyimbo za kupalilia, kwamba siku ya mwisho alikuwa akiwaita watu wa zamani kwa majina na mara moja akaita langu. Nilitaka kumchukia Mutinta, lakini kama ningemchukia, nani angenieleza?

Kazi ya baba ilikuwa karibu kwisha, na baada ya msiba wazazi wote waliona heri kila familia irudi kwake. Kabla hawajaondoka, Mutinta alinipeleka makaburini. Yeye ndiye aliyejua njia kati ya misalaba. Udongo ulikuwa bado mwekundu, umepigwa na mvua. Nilisimama nikatafuta neno la Kiluba la kumwambia Nkambo, nikalikosa. Yalikuja ya Kiswahili, yakaja ya Kifaransa, hata nshima ya Wazambia ikaja, lakini Nkambo hakuwahi kusema nami kwa maneno hayo. Mutinta alingoja. Alipoona siwezi, aliinama, akaweka kiganja kwenye udongo na kumwambia kwa Kiluba, polepole, kwamba Ngoie amefika, kwamba mto ndio uliomzuia, kwamba ni mzima. Nilielewa kila neno. Nilikuwa nimerudi kwetu, na mgeni ndiye aliyenitambulisha kwa nyanya yangu.

Tulirudi tukipitia kisimani. Pale alikuwapo mama mmoja aliyehamia mtaani tukiwa safarini. Alimsalimu Mutinta kwa jina, akampa pole tena, kisha akanitazama mimi kama mtu anavyomtazama mgeni wa watu, na akamuuliza Mutinta huyu mtoto ni wa nani.

"Ni mudogo wangu," Mutinta akajibu. "Alikuwa mu safari."

Siku ya pili yake basi liliwachukua. Wanawake wa mtaa walimlilia Mutinta kama binti anayeolewa mbali, naye aliwakumbatia mmoja mmoja, akafika kwangu akanishika kichwa kwa mikono yake miwili na kukiachia. Tuliahidiana mambo ya watoto. Simu ile ilipotea, namba zikabadilika, na hatukuonana tena.

Jioni yake mama alinituma maji. Nilikwenda peke yangu. Yule mama alikuwapo kisimani, akanisaidia kujitwika ndoo, kisha akatazama nyuma yangu njiani, kama anayemtafuta dada yangu mkubwa.

"Yaya yako iko wapi leo?"

Nilishika ndoo kwa mikono yote miwili isimwagike.

"Iko mu safari," nikamwambia.